Hatua Kutoka Barazani Hadi Majini: Siku Sita Kando ya Summer Lake

Siku ya kwanza, Jumamosi

Tuliondoka mji wa Bend saa tatu asubuhi, mimi na dada yangu mkubwa ambaye ameishi jimbo la Oregon, Marekani, kwa miaka mingi, tukiwa na masanduku mawili ya vyakula, lita 40 za maji ya kunywa na karatasi ya maelekezo tuliyotumiwa na mwenye nyumba. Ilikuwa wiki ya mwisho ya Machi. Dada aliikodi nyumba hiyo ya mbao, iliyo kando ya ziwa liitwalo Summer Lake, tangu Desemba kwa ajili ya picha moja tu, iliyoonyesha baraza, viti viwili, na mbele yake maji ya buluu yaliyokaribia ngazi. Aliniambia kwamba katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kukaa juma zima mahali ambapo simu haiwezi kumfikia, na kwamba picha ile haikumtoka moyoni tangu alipoiona.

Kusini mwa La Pine tuliiacha barabara kuu tukashika Barabara ya 31, na misonobari ikaanza kupungua hadi tukabaki na nyika ya vichaka vya kijivu vya seijibrashi, ambavyo majani yake ukiyafikicha hutoa harufu kali inayokaa mkononi hadi jioni. Hili ndilo jangwa la juu, kama watu wa Oregon wanavyoliita: nchi kavu iliyo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, yenye usiku wa baridi kali, iliyonyimwa mvua na milima ya Cascade, ambayo huyanasa mawingu yatokayo Bahari ya Pasifiki kabla hayajafika huku.

Tulichepuka kidogo kwenda kuiona Fort Rock, pete ya mwamba iliyosimama peke yake katikati ya uwanda tambarare, kuta zake zikiwa na kimo cha karibu mita 60. Volkeno iliyolipuka chini ya matope ya ziwa la kale ndiyo iliyoijenga, kisha mawimbi ya ziwa hilohilo yakaitafuna hadi yakaubomoa upande wake wa kusini. Leo hakuna hata tone la maji karibu nayo. Katika pango lililo jirani, mwaka 1938, mwanaakiolojia Luther Cressman wa Chuo Kikuu cha Oregon alifukua makumi ya ndara zilizosukwa kwa magome ya seijibrashi, zikiwa zimelala chini ya tabaka la majivu ya Mlima Mazama, mlima uliolipuka miaka ipatayo 7,700 iliyopita na kuacha shimo ambalo sasa ni Crater Lake. Vipimo vya baadaye vilionyesha kwamba ndara hizo zina umri wa zaidi ya miaka 9,000. Nilipokuwa nikiutazama ukuta ule uliochongwa na mawimbi, nilianza kuelewa kwamba katika nchi hii mtu akitaja ziwa ni lazima umuulize: ziwa la lini?

Tulijaza mafuta katika kijiji cha Silver Lake, tukapita Picture Rock Pass, ambako watu wa kale waliacha michoro yao kwenye mawe hatua chache kutoka barabarani, kisha barabara ikateremka na bonde lote likafunguka mbele yetu. Upande wa kulia ulisimama ukingo mrefu wa Winter Ridge wenye theluji, na upande wa kushoto ulitandazwa weupe usio na mwisho.

"Mdogo wangu," Dada aliuliza, "lile ni ziwa au ni theluji?"

Lilikuwa ziwa, lakini weupe tuliouona ulikuwa wa magadi, na maji yenyewe yalikuwa utepe mwembamba wa fedha mbali zaidi. Tulipofika kwenye nyumba, tukafungua kisanduku cha ufunguo kwa namba za siri na kuweka mizigo ndani, Dada alitoka barazani, akasimama mahali ambapo picha ilipigwa, asiseme neno. Mbele ya ngazi palikuwa na nyasi kavu, kisha udongo uliopasuka, kisha ule weupe. Niliamua kuhesabu. Kutoka ngazi ya chini hadi mahali ambapo kiatu changu kilianza kulowa zilikuwa hatua 640.

Ndani ya nyumba kuna simu ya waya, kwa kuwa mtandao wa simu za mkononi haufiki. Dada alimpigia mwenye nyumba usiku huohuo, akamuuliza kwa upole kuhusu picha. Mzee yule hakuficha: picha ilipigwa katika mwaka wa theluji nyingi, mwezi wa Mei, na miaka ya namna hiyo haiji mara kwa mara. Nasema wazi kwamba jambo hilo lilipaswa kuandikwa chini ya picha, maana mtu anayekodi nyumba ya ziwani kwa miezi mitatu ya kusubiri anastahili kujua ni ziwa la mwaka gani analolipia. Hata hivyo karatasi yake ya maelekezo ilikuwa ya kweli kuliko picha yake. Maji ya bomba yana magadi, yatumike kwa kuogea na kuoshea vyombo. Bomba la jikoni liachwe likidondoka usiku ili lisigande. Taa za nje zizimwe kila giza linapoingia. Gari lisipelekwe kwenye uwanda mweupe hata kama unaonekana mgumu kama saruji. Vichwa vya mishale visiokotwe, kwa kuwa sehemu kubwa ya ardhi ya hapa ni ya umma, na sheria ya shirikisho ya mwaka 1979 inalinda mabaki ya kale yaliyomo.

Siku ya pili, Jumapili

Hatua 636. Huenda nilikosea kuhesabu, au huenda ziwa lilisogea.

Niliamka kabla ya jua, nikawasha jiko la kuni na kutoka na blanketi. Barafu nyembamba ilikuwa imeshika mbao za baraza. Nyumba iko upande wa magharibi wa bonde, kati ya barabara na ziwa, kwa hiyo jua huchomoza juu ya maji moja kwa moja, na kwa dakika chache ule utepe wa fedha huwa mwekundu, kisha wa dhahabu, kisha hupotea kabisa katika mng'ao. Jioni hali hugeuka: ukingo wa Winter Ridge, uliopanda karibu mita 900 juu ya ziwa, hulimeza jua mapema, na kivuli chake hutembea kwenye uwanda mweupe kuelekea mashariki mtu akiwa amekaa kitini anakitazama. Nimewahi kukodi nyumba zenye televisheni kubwa ambazo hazikunishikilia kwa saa nzima kama kivuli kile.

Majina haya mawili, Summer Lake na Winter Ridge, yalizaliwa siku moja. Tarehe 16 Desemba 1843, mvumbuzi wa jeshi la Marekani John C. Frémont na watu wake walikuwa wakihangaika katika theluji ndefu ya msitu, mara miti ikaisha na wakajikuta kwenye ukingo wa genge. Chini yao waliona ziwa likimeremeta juani, na kandokando yake majani mabichi. Wao walikuwa kwenye majira ya baridi, na ziwa lilikuwa kwenye majira ya joto, hivyo akayapa majina kulingana na alichokiona. Asubuhi ya leo nilikitazama kitu kilekile kutoka chini: theluji juu, majani yakianza kuchipua kando ya barabara. Jina la Frémont linafaa, ingawa watu wa Paiute wa Kaskazini walikuwa wakilijua bonde hili vizazi vingi kabla ya msafara wake kufika ukingoni.

Mchana tulitembea taratibu hadi majini. Uwanda ule unadanganya. Kwa hatua mia nne za kwanza magadi huvunjika chini ya kiatu kama ganda la yai, kisha udongo unalainika, na mbele kidogo mguu wangu ulizama hadi juu ya kifundo nikaacha kiatu kimoja ndani. Niliingiza mkono wote kukitoa. Nilipojaribu kuendelea peku, maji hayakuvuka goti mahali popote nilipothubutu kufika, na yalikuwa yanateleza vidoleni kama maji ya sabuni. Yule aliyewahi kukanyaga kingo za Natron au Magadi atayatambua mara moja.

Sababu ni kwamba ziwa hili halina mto unaotoka. Maji huingia kutoka chemchemi za Mto Ana upande wa kaskazini na kutoka theluji inayoyeyuka milimani, halafu njia pekee ya kutoka ni kupanda angani kama mvuke. Kila tone linalopanda huacha chumvi yake nyuma. Likijaa huwa na urefu wa takriban kilomita 24 na upana wa kilomita 8, lakini kina chake ni kidogo mno kiasi kwamba kushuka kwa kiganja kimoja tu cha maji huufukuza ufuo mamia ya hatua. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kupiga picha ya maji ngazini, na mwingine akaja mahali palepale akatembea robo saa akiyatafuta, wala hakuna aliyesema uongo kuhusu mahali.

Siku ya tatu, Jumatatu

Hatua 631. Sasa nilikuwa na hakika kwamba yanasogea, na Dada alianza kuniuliza hesabu kabla hajanisalimia.

Tulitumia siku nzima kwenye hifadhi ya wanyamapori iliyo kaskazini ya ziwa. Ilianzishwa mwaka 1944 na inasimamiwa na idara ya jimbo ya samaki na wanyamapori, ikiwa na zaidi ya hekta 7,600 za mabwawa, matete na matuta ya udongo yaliyojengwa ili maji ya Mto Ana yatandazwe badala ya kukimbilia ziwani yote kwa pamoja. Gari linahitaji kibali cha kuegesha, na ni vema kukinunua kabla ya kuondoka mjini.

Sijui nianze wapi kuhusu ndege. Tulizima gari juu ya tuta, na kitu nilichodhani ni kingo za magadi kikanyanyuka kutoka majini, maelfu kwa pamoja, bata bukini weupe wenye ncha nyeusi za mabawa, kelele zao zikijaa kifuani kuliko masikioni. Hupumzika hapa wakielekea kaskazini, na baadhi yao huvuka bahari hadi kisiwa cha Wrangel katika Aktiki ya Urusi kwenda kutaga. Baadaye tuliona korongo wa kijivu wawili wakirukaruka kwa ngoma yao ya mapenzi, na pembezoni mwa bwawa moja ndege wa kwanza wa msimu wenye miguu ya buluu na mdomo mwembamba uliopinda kwenda juu, wakiufyekesha majini kushoto na kulia kama mvunaji mwenye fyekeo. Dada, ambaye siku ya kwanza alikuwa amenyamaza kwa huzuni ya picha, alikaa na darubini hadi vidole vyake vikafa ganzi.

Aliniambia jambo moja tukirudi. Kama ziwa lingekuwa na kina na maji matamu, alisema, pangekuwa na boti na mahoteli, na bata bukini wangepata wapi pa kukanyaga? Nilikubaliana naye, na bado nakubaliana naye.

Siku ya nne, Jumanne

Sikuhesabu asubuhi. Upepo kutoka kusini magharibi ulianza kabla ya mapambazuko, na saa mbili ukuta wa mashariki wa bonde ulikuwa umepotea nyuma ya pazia la vumbi jeupe. Karatasi ya mwenye nyumba ilikuwa na mstari mmoja kuhusu hali hii: mkiona weupe unasimama, fungeni madirisha na mkae ndani. Tulifunga, tukaziba chini ya mlango kwa taulo lililolowa, na hata hivyo jioni meza ilikuwa na unga mwembamba wenye ladha ya chumvi.

Vumbi hilo ni sakafu ya ziwa yenyewe. Pale maji yanaporudi nyuma, magadi na udongo laini hubaki wazi, na upepo huuchukua. Kila lita inayogeuzwa kwenda kumwagilia mashamba, na kila baridi ya theluji haba, huongeza eneo lililo wazi. Kusini zaidi, California, ziwa la Owens lilikauka baada ya mto wake kuanza kupelekwa Los Angeles mwaka 1913, likageuka kuwa chanzo kikubwa cha vumbi kwa wakazi wa bonde lile. Summer Lake halijafika huko, na sitaki nilifikirie likifika.

Saa kumi na mbili jioni upepo ulitulia ghafla. Nilitoka na tochi. Nilihesabu hatua 640, nikapita, nikafika 800, na bado udongo ulikuwa umelowa lakini bila maji. Nilifika kwenye ukingo kwa hatua 1,012. Upepo ulikuwa umelisukuma ziwa lote kuelekea mashariki, kama mtu anavyosukuma chai kwenye sinia.

Siku ya tano, Jumatano

Hatua 655. Maji yalikuwa yamerudi usiku bila sauti.

Tuliendesha gari kuzunguka kusini, tukapita chemchemi ya maji ya moto yenye nyumba ya kuogea ya mabati iliyojengwa mwaka 1928, tukafika mji mdogo wa Paisley. Kaskazini yake yako mapango ambayo kutoka mbali ni madoa meusi tu kwenye mwamba, nasi tuliyatazama kutoka mbali. Cressman alichimba huko pia miaka ya 1930, lakini ni timu ya Dennis Jenkins wa Chuo Kikuu cha Oregon iliyokuta kinyesi cha kale kilichokauka chenye vinasaba vya binadamu. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2008, yakionyesha umri wa zaidi ya miaka 14,000. Walikuwapo wataalamu waliotilia shaka, na mwaka 2020 uchunguzi mwingine, wa mafuta yaliyobaki ndani ya kinyesi hicho, ulithibitisha kwamba sehemu yake ni ya watu kweli.

Kilichonigusa zaidi ni namna mapango yenyewe yalivyochongwa, kwa maana yalichongwa na mawimbi. Ziwa la kale ambalo wanajiolojia huliita Chewaucan lilijaza bonde hili na mabonde jirani, likiwa na eneo la takriban kilomita za mraba 1,200 na kina kilichopita mita 100 mahali fulani. Summer Lake na Ziwa Abert ni mabaki yake. Nikiwa barazani, ningekuwa chini ya maji hayo, na hesabu yangu ya hatua ingekuwa hasi.

Abert lenyewe lilituumiza. Barabara ya 395 hupita katikati, ziwa upande mmoja na upande wa pili genge la Abert Rim lililopanda zaidi ya mita 600. Chumvi yake ni kali kiasi kwamba samaki hawaishi humo, ila kuna kamba wadogo wa majichumvi na nzi wa magadi wanaolisha makundi makubwa ya ndege wahamao. Mwaka 2014 lilikauka karibu lote, na likakauka tena miaka ya 2021 na 2022. Tulisimama kando ya barabara tukiyatazama maji yaliyopo, na Dada akasema taratibu kwamba anashukuru kuyakuta.

Usiku tulizima kila kitu. Mwezi Machi 2024 sehemu hii ya Kaunti ya Lake, yenye ekari milioni 2.5, ilitambuliwa rasmi kuwa hifadhi ya kimataifa ya anga lenye giza, iliyokuwa kubwa kuliko zote duniani wakati huo. Nyota zilishuka hadi ukingoni mwa uwanda pande zote, na kule mbali, katika hatua ya mia sita na kitu, nyingine zilikuwa zikitetemeka ndani ya maji.

Siku ya sita, Alhamisi

Hatua 628.

Tulifagia magadi yaliyoingia siku ya upepo, tukaondoa majivu jikoni, tukafungasha takataka zote kwa kuwa hakuna anayekuja kuzichukua. Katika daftari la wageni, ambamo wengi wameandika jinsi walivyofurahi, Dada aliandika tarehe sita na hesabu sita, pamoja na urefu wa hatua yangu, ambao tuliupima kwa utepe wa kushonea: sentimita 71.

Kisha alimpigia tena mwenye nyumba, akataka kuweka nafasi kwa Machi ijayo. Alipoulizwa kama angependa kusubiri mwaka ambao maji yatafika ngazini, alijibu kwamba hapana, ila angependa kujua theluji ya Winter Ridge itakuwa kiasi gani, ili ajue viatu vya kubeba. Mzee alimwambia apige simu mwishoni mwa Februari, ambapo ataweza kumwambia kwa kutazama dirishani.

Niliacha bomba la jikoni likidondoka, tukarudisha ufunguo kwenye kisanduku.